Wagonjwa wa Ukurasa wa Thelathini na Moja

Iko nchi ambayo sitaitaja jina. Sifanyi hivyo kwa woga. Wenyeji wake wataitambua bila msaada wangu, na wasio wenyeji watadhani kwamba nimeisema nchi ya jirani yao, jambo ambalo huwafurahisha watu siku zote. Yatosha kusema kwamba ni nchi yenye utaratibu. Huko mvua hainyeshi kabla ya kutangazwa, na ikinyesha bila tangazo huitwa umande.

Katika nchi hiyo mtu hawezi kuugua ovyo ovyo. Wizara ya Siha iliona kwamba maradhi yalikuwa yakiingia miilini mwa raia kiholela, kila moja na jina lake, na mengine na majina matatu kwa kadiri ya makabila. Basi Wizara ikaupa kila ugonjwa namba. Mgonjwa akifika hospitalini, daktari huutambua ugonjwa wake na kuutaja. Karani wa kumbukumbu huuandika daftarini na kuutafutia namba katika kitabu cha Wizara. Na mtunza bohari hutoa dawa kwa kuitazama namba hiyo tu. Mtunza bohari haruhusiwi kumtazama mgonjwa, maana kumtazama mgonjwa kwaweza kumvuruga mawazo.

Nakiri kwamba mpango huo ulikuwa mwema. Namba haina kabila, haina harufu, haiombi maji ya kunywa, wala haina shangazi wa kuja kulia dirishani.

Kitabu chenyewe kiliitwa Mwongozo Mkuu wa Namba za Maradhi. Kilikuwa na jalada gumu la kijani, kurasa mia mbili na sita, na picha kumi na tisa za Waziri wa Siha, Mheshimiwa Sifaeli Tambo. Siku ya kukizindua, Waziri alikiinua kwa mikono miwili mbele ya gwaride na tarumbeta.

"Ndugu wananchi," alisema, "baba zetu waliugua bila kujua idadi. Sisi tumeyahesabu maradhi yote, na adui akishahesabiwa, amekwisha kushindwa!"

Watu walipiga makofi. Wagonjwa waliokuwapo walipiga zaidi kuliko wengine, kwa kuwa walikuwa wamepangwa mstari wa mbele.

*

Kitabu hicho kilikuwa na kosa moja. Ni haki kueleza namna lilivyozaliwa, kwa sababu halikuzaliwa kwa uzembe bali kwa heshima.

Juma moja kabla ya kuchapwa, Waziri aliletewa nakala ya mwisho aikague. Hakuyasoma maradhi, maana alikuwa mzima wa afya. Alizikagua picha. Alipofika ukurasa wa thelathini na moja alisimama.

"Huyu aliye pembeni hapa ni nani?" akauliza.

"Ni wewe, Mheshimiwa," akajibu msimamizi wa kiwanda cha chapa.

"Mbona nimekuwa mdogo kuliko jedwali?"

"Mheshimiwa, jedwali ni refu. Lina maradhi ishirini na mawili."

"Basi maradhi yapishe."

Maradhi yakapisha. Picha ilipanuliwa kwa kiasi cha heshima, na kwa kuwa ilikaa upande wa kulia, juu ya safu ya namba, namba zote zilisukumwa chini mstari mmoja. Majina ya maradhi, yaliyokuwa upande wa kushoto, hayakusogea, kwa sababu hakuna aliyeyaamuru. Hivyo kila ugonjwa wa ukurasa ule ukapata namba ya ugonjwa uliokuwa juu yake.

Ugonjwa wa kwanza kabisa, yaani kichocho, ulibaki bila namba. Kwa kuwa haukuwa na namba haukuweza kuandikwa, na kwa kuwa haukuandikwa haukuwepo. Mwisho wa mwaka Waziri alitunukiwa nishani kwa kuutokomeza kichocho nchini, na waliokuwa wakikojoa damu waliombwa wasiiharibu sherehe.

*

Hospitali ya Kilima Chuma ilijengwa na wamisionari kwa matofali ya kuchoma, na baadaye ikakabidhiwa kwa Serikali pamoja na kengele yake. Karani wa kumbukumbu alikuwa Bibi Eufrazia Mbalamula, mjane wa miaka sitini na mitano, aliyekwisha kustaafishwa mara mbili na kurudishwa mara mbili kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua faili zilipo. Kazi alifundishwa na masista, na masista wale walikuwa wakali. Walimfundisha kwamba katika daftari la wagonjwa kosa halifutwi, halimwagiwi wino, wala ukurasa wake hauchanwi. Kosa hupigwa mstari mmoja mwembamba kwa rula, ili liendelee kusomeka. Juu yake huandikwa lililo sahihi. Na mwenye kusahihisha huweka jina lake. Afichaye kosa, walisema, ametenda mawili.

Miongoni mwa wagonjwa wa siku nyingi alikuwapo Damarisi, mfinyanzi wa vyungu, mwanamke wa miaka thelathini na minne. Alikuwa na kifafa tangu utoto. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa amemeza vidonge vyake kila siku, na kwa miaka kumi na miwili hakuanguka. Mtu wa kifafa na moto hawapaswi kukaa ua mmoja, lakini kazi ya Damarisi ilikuwa kuchoma vyungu. Vidonge vile ndivyo vilivyokuwa ukuta kati yake na moto.

Mwezi ule Mwongozo ulipoanza kutumika, Damarisi alifika kwenye dirisha la dawa, akatoa karatasi yake, akapokea kitu kilichofungwa katika bahasha.

"Hii nini, kaka Yobu?"

"Miwani," akajibu Yobu, mtunza bohari, mtu wa makamo aliyekuwa na uso wa huzuni.

"Miwani ya nani?"

"Ya namba mia tatu na nne. Karatasi yako imeandikwa mia tatu na nne."

"Mie nina kifafa, na wewe unajua. Umenipa vidonge miaka kumi na miwili kwa mkono wako huo."

"Najua, dada," akasema Yobu, akitazama chini. "Lakini siruhusiwi kujua."

Damarisi aliipeleka miwani kwa Bibi Eufrazia. Bibi Eufrazia akafungua ukurasa wa thelathini na moja, akaweka rula chini ya neno kifafa, akaifuata mpaka upande wa pili. Akaisogeza rula mstari wa juu, kisha wa chini. Halafu akaivua miwani yake mwenyewe, akaifuta, akaivaa tena, akarudia. Namba zote zilikuwa zimeteremka.

Juma lile matokeo yalionekana. Jaji mmoja mstaafu, mwenye ndevu nyeupe, alikuja kupimwa macho akaondoka na kadi ya kliniki ya wajawazito, iliyomtaka arudi kila mwezi kupimwa uzito na kuja na nguo za mtoto siku itakapokaribia. Wajawazito walipewa magongo. Waliovunjika miguu walisimamishwa ukutani kupimwa urefu, ambao ndio kipimo cha vidonge, wakapewa dawa za kichocho, ugonjwa ambao, kama nilivyokwisha kusema, haukuwepo.

*

Bibi Eufrazia aliandika barua Wizarani. Ilikuwa barua fupi yenye adabu, na iliutaja ukurasa.

Wizara ilikuwa na Kurugenzi ya Masahihisho yenye maofisa sitini, magari manane na wimbo wake. Tangu ianzishwe haikuwahi kupokea kosa hata moja, jambo lililotajwa kila mwaka kuwa ushahidi wa kazi yake nzuri. Kurugenzi ikamletea Bibi Eufrazia fomu. Swali la kwanza la fomu lilitaka namba ya kosa, kama ilivyo katika Mwongozo. Akaupekua Mwongozo wote, kurasa mia mbili na sita, akakuta namba za maradhi tu. Akaandika: "Kosa hili halina namba." Baada ya majuma matatu majibu yakaja, nami nayanukuu bila kupunguza neno:

"Tumepokea barua yako kwa furaha kubwa. Baada ya uchunguzi wa kina imebainika kwamba kosa ulilolitaja halina namba, na kwa hiyo halijatokea. Kitabu ni sahihi. Endapo unaye mgonjwa asiyelingana na namba yake, tafadhali mrekebishe mgonjwa. Siha kwa Namba!"

Siku barua hiyo ilipofika, Damarisi alikuwa wodini. Vidonge alivyokuwa ameviweka akiba vilikuwa vimekwisha, naye alianguka kando ya moto wa vyungu. Jirani alimvuta kwa miguu. Mkono wa kushoto ulikuwa umeungua kuanzia kiwiko hadi vidole, na huo ndio mkono alioutumia kukishikilia chungu kwa ndani anapokiumba.

Bibi Eufrazia alimsomea barua kitandani.

"Mrekebishe mgonjwa," Damarisi akarudia. "Waambie moto umeanza."

*

Wananchi wa nchi ile si wajinga. Haikupita miezi miwili kabla madaktari hawajagundua njia. Ikiwa kila ugonjwa ulikuwa na namba ya ugonjwa wa juu yake, basi dawa ya mtu ilipatikana kwa kuuandika ugonjwa uliokuwa mstari mmoja chini ya ule aliokuwa nao. Mjamzito aliandikwa uoni hafifu, akapata kliniki. Mwenye uoni hafifu aliandikwa kifafa, akapata miwani. Na mwenye kifafa aliandikwa kwikwi, akapata vidonge.

Uongo huo ulienea nchini kote kwa unyenyekevu mkubwa. Watu walianza kuulizana barabarani, "Wewe unaumwa nini kweli, na unaumwa nini hospitalini?" Mambo yakatulia. Wizara ikatangaza kwamba malalamiko yamekoma.

Mahali pamoja tu palibaki na ukaidi, napo ni kwenye meza ya Bibi Eufrazia. Damarisi alikuja akiwa na mkono uliofungwa bandeji, pamoja na Dakta Asukile, mganga mkuu wa hospitali ile, mtu mwema aliyechoka.

"Bibi, niandikie kwikwi," akasema Damarisi.

"Huna kwikwi, mwanangu."

"Najua sina. Nina mkono mmoja uliobaki."

Bibi Eufrazia akaiweka kalamu mezani.

"Mama," akasema Dakta Asukile, "ukweli wako utamchoma huyu mkono wa pili. Ni neno moja tu. Hospitali zote wanafanya."

"Neno moja leo, Dakta. Kesho watayahesabu maneno yetu, na kwa hesabu hiyo watatuamulia. Tukisema uongo wote kwa pamoja, nani atabaki wa kutuamini siku tutakapolia?"

"Siku hiyo ikifika tutalia. Leo anahitaji vidonge."

"Hilo nalo ni kweli," akasema Bibi Eufrazia, na ilikuwa vigumu kwake kulisema.

Daktari akaichukua kalamu mezani. "Basi naandika mimi."

"Andika. Na jina lako liweke hapo."

Dakta Asukile akaandika kwikwi, akatia sahihi ambayo hata mama yake mzazi asingeweza kuisoma. Damarisi akapokea vidonge sitini dirishani. Alipopita tena mezani alisimama.

"Bibi, siku zote nilidhani wewe ndiye mwenye huruma hapa."

 Alasiri yote Bibi Eufrazia alionekana akipiga mistari kwa rula katika karatasi ambazo hazikuhitaji mistari.

*

Baada ya nusu mwaka Wizara iliketi kuhesabu. Takwimu zilikuwa za kustaajabisha. Wajawazito wote nchini walikuwa wakitembelea magongo, wengi wao wanaume, na palikuwa na watu elfu tisini wenye uoni hafifu, wote wanawake, waliopona ghafla baada ya miezi tisa. Majaji, makarani na walimu wengi walionekana kuwa na kifafa, wakanyang'anywa leseni za kuendesha magari. Lakini kilichoitisha Wizara kuliko vyote ni kwamba raia elfu arobaini walikuwa na kwikwi isiyokoma.

Waziri Tambo alizungumza redioni.

"Ndugu wananchi, adui ameingia kooni! Wakati wenzetu wanasonga mbele, sisi tunakwikwika! Je, taifa linaweza kuapa kiapo cha utii huku likikwikwika? Nasema hapana! Kuanzia leo tumeingia vitani."

Hivyo ikazaliwa Kampeni ya Kitaifa ya Kutokomeza Kwikwi. Kamati ya wataalamu ilikaa mwezi mzima hotelini, ikatoa taarifa kwamba vidonge vilivyokuwa vikitolewa kwa kwikwi vilikuwa anasa tupu, kwa sababu kila bibi kizee anajua kwamba kwikwi huponywa kwa maji na kwa kushtuliwa. Waraka ukatoka. Vidonge vya namba mia tatu na tano vifungiwe kabatini na kabati litiwe lakiri ya Wizara, yaani muhuri wa nta. Mahali pake kila wilaya itapata Afisa Mshtuaji.

Kilima Chuma kililetewa Bwana Obadia Kishindo, aliyekuja na sare mpya, sufuria na mwiko. Alijificha nyuma ya mlango uliokuwa karibu na dirisha la dawa. Damarisi, ambaye vidonge vyake vilikuwa vimekwisha siku nne zilizopita, alifika akanyoosha karatasi yake.

"Kaka Yobu, za tangu..."

"Pwaaa!" akanguruma Bwana Kishindo, akiipiga sufuria kwa mwiko nyuma yake.

Damarisi alianguka. Kichwa kilipiga sakafu, mikono ikakakamaa, povu likamtoka. Watu waliokuwa kwenye foleni walipiga kelele. Bwana Kishindo aliinama, akasikiliza kooni kwa makini, kisha akafungua daftari lake.

"Kwikwi imekoma," akasema huku akiandika. "Mgonjwa amepona."

Damarisi alipozinduka, kichwa chake kilikuwa mapajani mwa Bibi Eufrazia.

"Bibi," akauliza kwa sauti ndogo, "wameandika nini?"

"Wameandika umepona kwikwi."

Akafumba macho kitambo. "Nifutie hiyo."

"Sifuti, mwanangu," akasema Bibi Eufrazia. "Nasahihisha."

*

Siku hiyo hiyo, saa sita mchana, meza ya kumbukumbu ilitolewa barazani mbele ya foleni nzima. Bibi Eufrazia aliketi, akafungua Mwongozo Mkuu ukurasa wa thelathini na moja, akachukua rula na wino mwekundu. Alizipiga mstari namba zote, moja moja, bila haraka, na juu ya kila moja akaandika namba yake ya haki. Namba ya mwisho, iliyokuwa imeanguka nje ya ukurasa, aliirudisha. Lakini namba ya kwanza ilimpa kazi, kwa maana mahali pake palikuwa pamekaliwa na picha. Akaiandika palepale, juu ya tai ya Waziri. Hivyo kichocho kikarejea nchini saa sita na robo, na wanaume wawili waliokuwa kwenye foleni wakatazamana kwa faraja.

Chini ya ukurasa akaandika: Eufrazia Mbalamula, karani.

Yobu alikuwa amechungulia dirishani. "Bibi, kitabu umekisahihisha. Lakini kabati lina lakiri ya Wizara. Nitaulizwa."

"Sijakuambia uivunje, Yobu. Kazi yangu ni kitabu. Kazi yako unaijua."

Habari zilisafiri. Makarani wa zahanati za mbali walianza kufika na Miongozo yao chini ya kwapa, ili wanakili. Bibi Eufrazia aliwapa rula na wino, kwa sharti moja.

"Bibi," akasema mmoja wao, "si niandike jina lako chini hapo? Wewe umri umekwenda, watakufanya nini? Mimi nina watoto."

"Nenda kwa watoto wako. Mkono ukiwa wako, na jina liwe lako."

Walikuja kumi na wanne. Watano walirudi nyumbani na kurasa safi. Tisa waliandika majina yao, na mmoja wa hao tisa ni yule mwenye watoto.

*

Serikali ilistuka. Baraza la Heshima ya Machapisho likaitwa kuketi, na ili liwe fundisho kwa umma likaketi katika ukumbi wa hospitali yenyewe, mbele ya dirisha la dawa, kukiwa na umati mlangoni. Waziri Tambo aliongoza, akiwa na wajumbe kumi na mmoja. Damarisi aliletwa awe kielelezo cha raia aliyemeza vidonge visivyo vya ugonjwa wake. Kwa majuma mawili alikuwa hajavipata, na hakuwa amethubutu kuwasha moto.

"Mama," akaanza Waziri, "ni nani aliyekupa ruhusa ya kunisahihisha?"

"Sikukusahihisha wewe, Mheshimiwa. Nimesahihisha jedwali. Wewe ulikuwa umesimama juu yake."

Umati ulicheka. Waziri akagonga meza.

"Umeniandika kichocho shingoni!"

"Hapo ndipo mahali pake. Kilikuwapo kabla yako."

Mjumbe mmoja akasimama, akasema kwa majonzi kwamba tangu uhuru hajawahi kusikia maneno kama hayo yakisemwa kwa utulivu kiasi kile. Mwingine akapendekeza tai ya Waziri iombwe radhi rasmi. Lakini Waziri hakuwa mjinga. Aliutazama umati, akabadili sauti ikawa kama ya mchumba.

"Mama yetu, sisi si maadui. Kurugenzi imeandaa karatasi fupi. Inasema kwamba kosa lilitokea hapa Kilima Chuma, kwa sababu ya uchovu wa macho ya karani. Utie sahihi tu. Mwakani tutachapa toleo jipya, namba zitakaa mahali pake, kimya kimya. Na huyu dada," akamwonyesha Damarisi, "nitampa vidonge vyake leo, na kila mwezi, maisha yake yote, viwe zawadi yangu binafsi. Mpiga picha yupo."

  Bibi Eufrazia aliutazama mkono wa kushoto wa Damarisi, uliokuwa umepona ukiwa umekunjamana kama gome. Kisha akamgeukia.

"Mwanangu, mkono ni wako na moto ni wako. Siku zile nilishika neno langu nikaandika barua, ukaumia kwa kungoja majibu yake. Leo sitaamua peke yangu. Ukisema nitie sahihi, nitatia, ingawa ni uongo, na jina litakuwa langu."

Damarisi alisimama. Alikuwa mwanamke asiyezoea ukumbi, na alizungumza kama mtu aliyeko sokoni.

"Mheshimiwa, nina swali. Yule wa Mto Ng'ombe mwenye kifafa, yule anayechunga, naye atapata?"

"Huyo tutamfikiria," akasema Waziri.

"Na wewe ukihamishwa wizara?"

"Mrithi wangu atafikiria."

"Na siku ukinuna?"

Waziri alicheka kidogo, peke yake.

"Mie nilikuja hapa miaka kumi na miwili," akasema Damarisi, "sikumwomba mtu zawadi. Nilisema naumwa kifafa, nikapewa dawa ya kifafa. Mkaniita macho, nikanyamaza. Mkaniita kwikwi, nikakubali, tena nikamtukana huyu mama kwa sababu hakutaka kuniita hivyo. Nilipokubali jina lisilo langu, mkanitumia mtu wa kunipigia sufuria. Sasa basi." Akaisogelea meza. "Bibi, kifafa kiko mstari gani?"

Bibi Eufrazia akamwonyesha kwa ncha ya rula. Damarisi hakujua kusoma. Akalichovya dole gumba katika wino mwekundu, akalikandamiza pale, kandokando ya namba mia tatu na tano.

Waziri aliruka kitini. "Nani amekuruhusu kutia dole katika kitabu cha Serikali?"

"Ugonjwa ni wangu, baba."

Akageuka, akatembea hadi dirishani, akaweka mkono wake mbovu juu ya kizingiti.

"Kaka Yobu, naomba vidonge vyangu vya kifafa."

Yobu alimtazama. Alimtazama usoni, kwa muda mrefu, jambo lililokatazwa na waraka. Kisha akafungua daftari la bohari, akachukua kalamu, akachungulia kwa kichwa chote nje ya dirisha, akawaelekea wajumbe.

"Waheshimiwa, kitabu kimesahihishwa, na mwenye ugonjwa ameomba dawa yake. Sheria ya bohari inasema dawa ikizuiwa niandike imezuiwa na nani. Naomba jina."

Waziri alimtazama katibu wake. Katibu alimtazama mjumbe aliyekuwa kulia kwake. Mjumbe huyo alimtazama wa pili, na wa pili wa tatu, na kutazamana huko kukazunguka meza nzima hadi kwa mjumbe wa mwisho, ambaye hakuwa na wa kumtazama, akatazama dari.

"Jina moja tu linatosha," akasema Yobu. "Nitaliandika kwa mwandiko mzuri."

Nje mtu alikohoa. Mjumbe aliyependekeza tai iombwe radhi alikumbuka kwamba ana safari, akatoka kwa mlango wa nyuma.

"Mheshimiwa, niandike lako?"

"Mimi," akasema Waziri Tambo, "sikusema kitu."

Yobu akaandika hivyo hivyo: Waziri hakusema kitu. Halafu akaligeukia kabati, akaivunja lakiri kwa kucha, akahesabu vidonge sitini, akavifunga katika karatasi, akaviweka katika mkono wa Damarisi na kuvifumba ndani ya vidole vyake vilivyokunjamana.

Akainua kichwa, akautazama umati mlangoni.

"Anayefuata!"